Namna ya Kuzitazama Filamu za Luis Buñuel Sambamba na Maisha Yake

Watu wengi wanamjua Luis Buñuel kwa picha moja tu, ile ya wembe unaopasua jicho mwanzoni kabisa mwa filamu yake ya kwanza, ya mwaka 1929. Anayeanzia hapo mara nyingi huishia hapo hapo, kwa sababu ama hutishika akageuza uso, ama huamini kwamba kila kilichofuata katika maisha ya mwongozaji huyu ni fumbo lililotungwa kwa ajili ya wasomi wachache. Mimi mwenyewe nilianzia hapo, nikaghadhibika, na ikapita miaka kadhaa ndipo nikamrudia. Mwongozo huu unapendekeza njia nyingine, isiyofuata tarehe, kwa mtu anayetaka kuyafahamu maisha ya Buñuel kupitia kazi zake na kuzifurahia kazi hizo bila kuhitaji kamusi ya ishara.

Kabla ya kuanza filamu yoyote, liweke kando swali la "hii ina maana gani?" Buñuel hakulipenda swali hilo, na filamu zake hazilijibu. Beba swali jingine, ambalo linatosha kwa karibu kazi zake zote: nani anataka nini, na ni kitu gani kinamzuia asikipate? Wahusika wake wanataka mambo ya kawaida kabisa: kula chakula cha jioni, kutoka chumbani, kulala na mpenzi, kutenda wema. Wanashindwa, na kinachowashinda ama hakionekani ama ni cha kipuuzi, na ajabu zaidi ni kwamba wao wenyewe hawakishangai. Usurealisti, yaani zile harakati za Paris ambazo mshairi André Breton alizitolea tamko mwaka 1924, ulitaka fikra ziachwe zijieleze bila kusimamiwa na akili, adabu wala maadili, kama zinavyojieleza ndotoni. Wachoraji wa harakati hizo walitafuta maumbo yasiyowahi kuonekana. Buñuel aliweka meza, akapanga sahani, akawakalisha wageni, kisha akahakikisha hawali.

Anzia Meksiko

Filamu ya kwanza kutazama iwe Los olvidados, yaani Waliosahauliwa, ya mwaka 1950. Hadithi yake inafuatika vizuri, watu wake wanaeleweka, na mtazamaji asiyewahi kusikia neno usurealisti hatapotea. Inahusu watoto wa mitaa duni ya Jiji la Meksiko. Pedro anataka mama yake ampende; mama hawezi, au hataki; na kila Pedro anapojaribu kujirekebisha, Jaibo, kijana aliyetoroka gereza la watoto, anatokea na kuvuruga mambo. Hapo swali letu linajibika kwa urahisi, na ndiyo maana ni pazuri pa kuanzia. Iangalie kwa makini ndoto ya Pedro, ambamo mama yake anamjia polepole akiwa na pande la nyama mbichi mkononi, kisha mkono wa Jaibo unachomoza kutoka chini ya kitanda na kulipora. Angalia pia pale Pedro, akiwa katika shule ya kurekebisha tabia, anapochukua yai na kulirusha moja kwa moja kwenye lenzi, likapasuka na kuchuruzika mbele ya macho yetu. Filamu nyingi kuhusu umaskini humruhusu mtazamaji kuhurumia kwa usalama. Hii inamtupia yai.

Ukimaliza, soma kidogo jinsi mtu huyu alivyofika Meksiko, kwa sababu bila habari hiyo hutaona uzito wa filamu yenyewe. Buñuel alikuwa Mhispania, mzaliwa wa Calanda katika eneo la Aragon, tarehe 22 Februari 1900. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Hispania mwaka 1936, alifanya kazi Paris kwa niaba ya Serikali ya Jamhuri; mwaka 1938 akaenda Marekani, na mwaka uliofuata upande wake ukashindwa, na Jenerali Franco akashika nchi. Alipata kazi katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa la New York, akaiacha mwaka 1943 baada ya rafiki yake wa zamani, mchoraji Salvador Dalí, kumtaja katika kitabu kama mkana Mungu, jambo lililowapa silaha waliokuwa wakimtilia shaka. Kisha akasimamia uingizaji wa sauti za Kihispania katika filamu za kampuni ya Warner. Mwaka 1946 akaingia Meksiko, na baadaye akachukua uraia wa huko. Kati ya mwaka 1933 na 1947 hakuna filamu iliyotoka ikiwa na jina lake kama mwongozaji. Fikiria hilo: mtu aliyetikisa Paris akiwa na miaka 29 anakaa miaka kumi na minne bila kuongoza kwa jina lake, kisha anapewa filamu ya nyimbo na mapenzi, inaanguka sokoni, na anasubiri tena. Los olvidados ilipoonyeshwa Meksiko iliondolewa kwenye kumbi baada ya siku chache kwa sababu ya hasira za waliosema imeliaibisha taifa. Mwaka 1951 ikampatia tuzo ya mwongozaji bora katika tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, ambako mshairi Octavio Paz aliitetea kwa kugawa makala aliyoiandika mwenyewe. Mwaka 2003 UNESCO iliiingiza katika rejista yake ya Kumbukumbu ya Dunia.

Filamu ya pili iwe El ángel exterminador, Malaika Mwangamizi, ya mwaka 1962. Mabwanyenye wanatoka kutazama opera, wanakaribishwa karamu katika nyumba ya kifahari, wanahamia sebuleni, na usiku unapokwenda wanagundua kwamba hakuna anayeweza kuvuka kizingiti. Mlango uko wazi, hakuna mlinzi wala kamba. Siku zinapita, wanabomoa ukuta kutafuta bomba la maji, kondoo wanaingia na wanachinjwa, na adabu zinavuka nje kabla ya watu wenyewe. Usitafute sababu ya kizuizi, maana haitolewi. Tafuta jinsi kila mmoja anavyokiheshimu. Kumbuka pia kwamba watumishi, isipokuwa mmoja, waliondoka mapema jioni ile bila kueleza kwa nini, kana kwamba wamesikia jambo ambalo matajiri hawana masikio ya kulisikia.

Mwanzoni mwa filamu hiyo wageni wanaingia nyumbani na kupanda ngazi, kisha wanaingia tena na kupanda tena. Wewe hujasinzia, na nakala yako si mbovu. Buñuel alisimulia kwamba hata mpiga picha wake, Gabriel Figueroa, alimvuta pembeni kumwonya kuwa kuna kosa la uhariri. Filamu ina marudio mengi ya namna hiyo, na ukipenda unaweza kuitazama mara ya pili ukiyahesabu tu; ni kazi yenye raha kuliko inavyosikika.

Mambo ya kuangalia katika picha na sauti

Mtu aliyezoea ndoto za sinema, zenye ukungu, vinanda na mwanga wa ajabu, atahitaji kujizoesha. Buñuel hupiga ndoto kwa namna ileile anavyopiga maongezi ya sebuleni: mwanga wa kawaida, kamera iliyotulia, waigizaji wasio na papara. Kwa hiyo mpaka kati ya ndoto na hali halisi hauonyeshwi, na mara nyingine unagundua umeuvuka dakika tano zilizopita. Hakupenda madoido. Alikuwa na mpango wa filamu nzima kichwani, akipiga picha chache zinazohitajika tu, na kazi ya kuhariri alizoea kuimaliza kwa siku chache. Baadhi ya wahakiki waliuita unyenyekevu huo uzembe. Mimi nauona kuwa hila yake kuu, kwa sababu jambo la ajabu likisemwa kwa sauti ya kawaida humwingia mtu kabla hajajikinga.

Sikiliza ukimya. Alipozidi kuzeeka, na masikio yake yakizidi kuzibika, muziki wa kusindikiza hisia ulikaribia kutoweka katika filamu zake. Ukisikia kengele, treni, ndege au ngoma, ujue sauti hiyo imewekwa kwa makusudi. Ngoma zina historia yake. Calanda ina desturi ya watu kupiga ngoma kwa pamoja kuanzia adhuhuri ya Ijumaa Kuu mpaka adhuhuri ya siku inayofuata, na wapigaji wengine huendelea mpaka mikono ikatoka damu. Mtoto aliyekulia katikati ya mshindo huo aliubeba mpaka uzeeni. Utausikia, kwa mfano, mwishoni mwa Nazarín ya mwaka 1959, padri mwema anapotembezwa njiani na mtu wa kumpa tunda anatokea. Buñuel aliandika kwamba huko kwao Enzi za Kati ziliendelea mpaka Vita vya Kwanza vya Dunia. Baba yake alikuwa amechuma mali Kuba akarudi kuwa bwana mkubwa wa mji, na mtoto akapelekwa kusoma kwa Wajesuiti, shirika la mapadri wa Kikatoliki, mjini Zaragoza, ambako alijifunza kwa kina dini ambayo angeikataa, akaijua kuliko wengi waliobaki nayo.

Angalia pia miguu na viatu, ambavyo anavirudia kiasi cha kuwa utani kati yake na mtazamaji, na wadudu. Alipokuwa mwanafunzi Madrid alijifunza elimu ya wadudu katika jumba la makumbusho ya viumbe, na jicho hilo halikumtoka: huwatazama binadamu wake kwa utulivu wa mtu anayemchunguza siafu, hamchukii wala hamtetei. Ukitaka kuandika kumbukumbu, nashauri usiandike tafsiri. Andika tu kilichoonekana na kilichozuiliwa, kwa sentensi moja moja, kisha linganisha baada ya filamu nne au tano.

Mdhibiti wa filamu kama msaidizi asiyetaka

Sasa tazama Viridiana ya mwaka 1961, ambayo nadhani ndiyo bora zaidi ya zote. Mwanamwali anayekaribia kula kiapo cha utawa anafika kwa mjomba wake tajiri, mambo yanaharibika, na badala ya kurudi utawani anaamua kuwakusanya ombaomba na kuwalea. Anachotaka ni kutenda wema, na kinachomzuia ni kwamba maskini anaowahudumia ni watu kamili, wenye wivu, ulafi na ukatili wao. Ombaomba wanapobaki peke yao nyumbani wanaandaa karamu, na kwa sekunde chache wanatulia wamepangika mezani kama kwenye mchoro wa Karamu ya Mwisho wa Leonardo da Vinci, ili mmoja wao "apige picha" kwa kufunua sketi yake. Muziki unaopigwa kwenye gramafoni ni Haleluya ya Handel.

Historia ya filamu hii itazamwe kama sehemu yake. Buñuel alirudi Hispania ya Franco kuipiga, na Wahispania wengi waliokuwa uhamishoni wakamwona msaliti. Katika muswada wa mwanzo, mwishoni Viridiana alibisha hodi kwenye chumba cha binamu yake, akaingia, na mlango ukafungwa. Mdhibiti akakataa. Buñuel akaandika mwisho mwingine usio na hatia yoyote kwa macho ya ofisi: Viridiana anamkuta binamu yake akiwa na mtumishi wa kike, na wote watatu wanakaa kucheza karata. Itazame karata hiyo, usikilize binamu anachosema, kisha uamue ni mwisho upi wenye aibu zaidi. Buñuel mwenyewe alikiri kwamba wa pili ulikuwa bora. Filamu ikapata Palme d'Or, zawadi ya juu ya Cannes. Gazeti la Vatikani likailaani, ofisa wa serikali aliyepanda jukwaani kupokea tuzo akapoteza cheo, na Wahispania hawakuruhusiwa kuiona nchini mwao mpaka mwaka 1977, wakati Franco alikuwa ameshafariki.

Baada ya hapo nenda Ufaransa. Kuanzia mwaka 1964 Buñuel alifanya kazi na mwandishi Jean-Claude Carrière, ambaye Buñuel alimzidi umri kwa zaidi ya miaka thelathini, na kwa pamoja wakatoa filamu sita. Walijitenga hotelini, wakisimuliana matukio na kuyaigiza wao kwa wao mpaka muswada ukamilike. Belle de jour ya mwaka 1967, pamoja na Catherine Deneuve, ilipata Simba wa Dhahabu, zawadi ya juu ya tamasha la filamu la Venice, na ndani yake kuna mteja anayefungua kisanduku kinachotoa mlio kama wa mdudu. Watu walimwuliza Buñuel maisha yake yote kilichomo kisandukuni, naye akawajibu kwamba ni chochote wanachotaka kiwemo. Jibu hilo si la kukwepa. Kisanduku kimewekwa ili mtazamaji naye awe mtu anayetaka kitu na kuzuiliwa.

Halafu ifuate Le Charme discret de la bourgeoisie ya mwaka 1972, iliyopata Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Itazame baada ya Malaika Mwangamizi, si kabla, kwa kuwa inaupindua mchezo uleule: kule wageni hawawezi kuondoka mezani, huku mabwanyenye sita hawawezi kukaa wakala. Wamekosea siku, mwenye mgahawa amekufa na maiti yake imelazwa chumba cha pili, wanajeshi wanavamia wakiwa mazoezini, pazia linafunguka na wageni wanajikuta wako jukwaani mbele ya hadhira, hawakumbuki maneno yao. Hapa Buñuel anachekesha kuliko popote, na asiyecheka bado anatafuta maana.

Filamu takribani 20 kati ya 32 alizoongoza zilitengenezwa Meksiko, na si lazima kuzitazama zote. Nyingine alizipiga kwa haraka na kwa bajeti ndogo ili alishe familia, wala hakujificha kusema hivyo. Usiiache hata hivyo Él ya mwaka 1953, kuhusu mume mwenye wivu wa kichaa, wala Simón del desierto ya mwaka 1965, inayokatika baada ya dakika 45 kwa sababu fedha ziliisha. Las Hurdes ya mwaka 1933, kuhusu wakulima fukara wa milimani Hispania, itazame kwa tahadhari. Inajiita simulizi ya kweli, lakini pale sauti inaposema mbuzi huanguka majabalini, angalia kando ya picha uone moshi wa bunduki. Ni filamu kali yenye ulaghai ndani yake, na sijafikia uamuzi kama ulaghai huo ndio unaoikuza au kuiharibu.

Kitabu cha kumbukumbu zake, alichokitoa mwaka 1982 kwa msaada wa Carrière, ukisome baada ya filamu tano au sita. Ni kitabu kitamu, lakini kisichukuliwe kama hati ya mahakama. Buñuel mwenyewe anaonya: anaeleza jinsi alivyokumbuka kwa kina harusi ya rafiki yake kanisani, akiwaona waliohudhuria mmoja mmoja, mpaka alipotambua kwamba rafiki huyo asingefunga ndoa kanisani kamwe.

Mwisho kabla ya mwanzo

Filamu yake ya mwisho, Cet obscur objet du désir ya mwaka 1977, inamhusu mzee anayemtamani msichana mmoja na kamwe hampati. Nafasi ya msichana huyo inachezwa na waigizaji wawili, Carole Bouquet na Ángela Molina, wakipokezana bila maelezo. Mpango haukuwa huo tangu mwanzo. Mwigizaji wa kwanza aliondoka baada ya upigaji picha kuanza, kazi ikasimama, na Buñuel akapendekeza kwa mtayarishaji Serge Silberman kwamba nafasi ipewe wanawake wawili. Mzee hatambui. Watazamaji wengi nao hawatambui kwa muda mrefu, na wanapogundua huona haya kidogo.

Karibu na mwisho, mzee na msichana wanasimama mbele ya dirisha la duka, ambamo mwanamke ameketi akishona kitambaa cha lesi kilichochanika, chenye damu. Buñuel aliandika kwamba hiyo ndiyo picha ya mwisho aliyoipiga maishani, na kwamba ilimgusa bila yeye kujua sababu. Alifariki Jiji la Meksiko tarehe 29 Julai 1983.

Usiku huohuo, kabla hujalala, itazame ile ya kwanza, Un chien andalou. Muswada wake Buñuel na Dalí waliuandika kwa takribani wiki moja, wakianzia kwenye ndoto mbili: Buñuel alikuwa ameota wingu jembamba likiukata mwezi kama wembe unavyokata jicho, na Dalí alikuwa ameota mkono uliojaa sisimizi. Walikubaliana kulitupa wazo lolote ambalo lingeweza kuelezwa kwa hoja. Fedha zilitoka kwa mama yake Buñuel. Siku ya onyesho la kwanza, Juni 1929, alisimama nyuma ya pazia akipokezanisha santuri za Wagner na tango za Argentina, mifuko yake ikiwa na mawe ya kuwatupia watazamaji wakileta fujo, wakapiga makofi. Jicho linalokatwa ni la ndama, na mtu anayenoa wembe barazani, sigara mdomoni, ni Buñuel mwenyewe. Filamu haifiki nusu saa, kwa hiyo kuna nafasi ya kuitazama mara mbili, na mara ya pili umwangalie yeye, usiangalie wembe.